Ndiyo Ambayo Haijatiwa Sahihi

Somo letu wiki hii liko katika Mwanzo 23, pale Abrahamu anaponunua shamba la Makpela kutoka kwa Efroni Mhiti. Wengi tunaipita sura hii haraka kwa sababu ni ya matanga: Sara amekufa na mzee anatafuta pahali pa kumzika. Ukiisoma polepole utaona pia ni sura ya mauzo ya ardhi. Nimeichagua kwa sababu wengine wetu wananunua nyumba, wengine wanauza, na swali moja linarudi rudi: nikishakubali ofa ya mtu na bado hatujaandikiana, nimefungwa ama sijafungwa?

Sheria ya Kenya haisitisiti. Mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi. Bila hayo, kwa kawaida huna kesi. Kwa hivyo kuna wiki kadhaa hapo katikati ambapo mmeshapeana mkono, mawakili wanaandika, na hakuna kinachokushika ila neno lako.

Tuseme umekubali kuuza nyumba yako ya Kitengela kwa shilingi milioni 8.5. Jumanne inayofuata ajenti anakupigia: kuna mtu ana milioni 9.2, tena keshi. Hapo ndipo lugha ya kiroho huanza. Tunasema Mungu amefungua mlango. Laki saba si pesa kidogo, na simlaumu mtu akikosa usingizi kwa sababu yake. Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na darasani tulifundishwa kwamba bei ya kitu ni ile mtu yuko tayari kulipa. Sokoni ni kweli. Lakini soko haliulizi yule wa kwanza amefanya nini kwa sababu ya ndiyo yako. Ameshampa notisi mwenye nyumba anayopanga. Ameomba mkopo kwa Sacco na wadhamini wake wamesaini. Amehamisha mtoto shule. Ukiivuta ile ndiyo, yeye ndiye anaanguka, na wewe unaenda benki.

Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na mmoja wao ni yule ambaye ameapa na hageuki hata kama neno lake litamuumiza. Mtu atasema, "Pasta, mimi sikuapa, nilisema tu sawa." Mathayo 5 inamjibu: Yesu hakutaka tuwe na maneno mazito ya kiapo na mengine mepesi ya kila siku. Ndiyo ya mwanafunzi wake inatosha bila kiapo.

Je, inakufunga milele? Hapana. Mnunuzi akinyamaza miezi mitatu bila dipoziti, yeye ndiye amevunja. Ndiyo maana ni vizuri kusema mapema, "Nitakungoja mpaka tarehe 30." Na kama bado unapima, sema bado unapima. Hiyo si dhambi. Dhambi ni kumwambia mtu ndiyo ili akae kama akiba huku ukitafuta mwingine.

Mnunuzi naye asikae akichekelea. Kuna wale husubiri muuzaji apakie vitu na kulipia kule anakohamia, ndipo waseme wamepungukiwa, apunguze laki nne. Kama umekagua rekodi ya ardhi, ile watu huita sachi, ukapata kuna mkopo wa benki juu ya hati miliki, rudi mezani mzungumze upya. Hapo kuna jambo jipya. Lakini kumpunguzia mtu bei kwa sababu unajua hana pa kurudi ni unyang'anyi wa upole.

Na tafadhali, kufanya sachi si kukosa imani. Kuna watu hupaka kuta mafuta na kuita ibada ya shukrani kabla hata ya kujua jina lililo kwenye hati. Yeremia 32 inatuambia nabii alisikia kwa Mungu mwenyewe kwamba anunue shamba la Anathothi. Bado alipima fedha shekeli 17 kwenye mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, na nakala zikawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu.

Baada ya sahihi mambo huwa rahisi kidogo kwa dhamiri na magumu kwa mfuko. Dipoziti huwa asilimia 10, na muda wa kukamilisha mara nyingi ni siku 90. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, juu ya bei, kwa hivyo mnunuzi autenge mapema. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Nyumba ya familia inahitaji idhini ya mwenzi wako. Hiyo ya mwisho inaniuma, maana kuna mke anayejua nyumba yake imeuzwa siku anapoitwa kwa wakili kusaini. Karatasi itapita. Ndoa je?

Turudi Makpela. Mstari wa 17 unataja shamba, pango, na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka. Mbona miti ihesabiwe? Mwenye kuhamia nyumba akakuta tangi la maji limeondoka, soketi zimeng'olewa na mparachichi umekatwa atakueleza. Ukitaka kwenda na tangi, sema kabla ya mkataba kuandikwa. Na kama kuna mpangaji kule nyuma, ambaye hakuna mkataba wenu unaomtaja, mwambie mapema, wewe mwenyewe, kabla asikie kwa ajenti aliyekuja kupiga picha.