Ng'ombe ni Mali ya Nani?

Katika nchi ya Shinyanga mtu hahesabiwi kuwa na mali kwa fedha iliyo mfukoni mwake, bali kwa mifugo iliyo zizini mwake. Hata Mwadui, ambapo Dr. Williamson alivumbua almasi mwaka 1940, vijiji vinavyouzunguka mgodi vimeendelea kuishi kwa jembe na ng'ombe. Jiwe likisha kuchimbwa halizai jingine, ng'ombe huzaa. Basi twauliza neno moja: Je, yampasa Mkristo kuliongeza kundi lake mwaka kwa mwaka, hali nyumba yake ina upungufu?

Kwanza tusiwe wepesi wa kumlaumu mfugaji. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa kuistawisha nchi ya Usukuma, na sehemu yake moja ilikuwa kuwashurutisha watu wapunguze mifugo yao kwa kuiuza. Wengi walidhani kwamba Msukuma hufuga kwa majivuno tu. Watu walizichukia amri zile, na shurti hiyo ikaachwa kabla ya uhuru. Maana wafugaji walikuwa na sababu zao. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki, na ukame nao hurudi mara kwa mara. Mwenye ng'ombe watano huweza kuwakosa wote kwa msiba mmoja. Mwenye hamsini hubakiwa na mbegu. Kwa ajili hiyo wazee huwaweka ng'ombe wengine kwa jamaa walio mbali, nao wale hupata maziwa na samadi, ili maafa ya mahali pamoja yasilimalize kundi zima. Tena ng'ombe hukokota plau, na kwake hutoka mahari. Kundi ni akiba, tena ni kinga. Hiyo ni hekima, wala si upumbavu.

Walakini hekima isiyohesabu hugeuka kuwa mtego. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na tuhesabu pamoja kwa mfano. Mtu ana ng'ombe ishirini. Tuseme majike makubwa ni wanane. Ng'ombe wetu wa asili hazai kila mwaka. Basi katika mwaka mwema tuseme watazaliwa ndama watano. Ndigana itamchukua mmoja, na mwingine atakufa kwa njaa ya kiangazi au kwa fisi. Wamebaki watatu. Hao watatu ndio pato la mwaka. Akiuza zaidi ya hao, analila kundi lenyewe. Na katika bei ya hao watatu zitoke gharama za josho na chanjo ya kimeta na chambavu, chumvi, ujira wa mchungaji, ushuru wa mnada, madaftari ya watoto, nguo, dawa za binadamu, na sadaka. Kumbe mtu tuliyemwita tajiri wa ng'ombe ishirini ni mtu wa ng'ombe watatu! Asiyeijua hesabu hii hujidanganya kwa kutazama zizi. Na jirani zake, wakimwona hana shati, humwita bahili, kumbe huenda ni maskini kweli.

Tena kuna neno la majira. Mwezi wa Juni, baada ya mvua, maksai amenona na mahindi ni mengi. Mwezi wa Oktoba maksai amekonda, mahindi yamepanda bei, na kila mtu anapeleka ng'ombe mnadani kwa sababu ya njaa. Tuseme maksai wa Juni alinunua magunia sita. Yuleyule wa Oktoba pengine atanunua matatu. Na mvua ikichelewa, atakufa, naye mwenyewe atauza ngozi tu. Basi aliyekataa kuuza mmoja kwa hiari hulazimika kuuza wawili kwa dhiki. Ndipo tunapoona kwamba upendo wa kundi waweza kuliharibu kundi.

Wala malisho si ya mtu mmoja. Kila anayeongeza ng'ombe hupata faida peke yake, lakini nyasi hupungua kwa wote. Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili; ndiyo maana walitenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae wakati wa kiangazi. Ngitili nyingi ziliharibika, na tangu mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliwasaidia wanavijiji kuzirudisha. Jambo hili lafundisha kwamba kujinyima kwa pamoja si hasara.

Sasa twarudi kwenye swali letu: ng'ombe ni mali ya nani? Baba husema, "Ni wangu." Lakini mama ndiye akamuaye, na mtoto ndiye achungaye juani, naye pengine hajui kusoma jina lake. Katika Amri ya Kwanza twajifunza kwamba mtu aweza kufanya mungu wa kitu chochote ambacho moyo wake unakiegemea. Zizi nalo laweza kuwa madhabahu, na mtoto akawa sadaka yake. Yakobo alilichunga kundi la Labani akijua hesabu yake. Nasi tu mawakili, si wenyewe.

Basi, walimu na wazee wa sharika, tusihubiri kwamba wauze wote, wala tusiwasifu wenye wingi kwa wingi wao. Kila nyumba iwe na daftari. Baba na mama waisome hesabu pamoja. Na ng'ombe wa mahitaji ya shule achaguliwe Juni, angali amenona. Nasi katika Sikukuu ya Mavuno, tukimpokea ndama kwa shangwe, tuulize pia kama mtoto aliyemchunga yumo darasani. Ikiwa hayumo, afadhali ndama yule arudi nyumbani kwanza, akamlipie mtoto. Mungu hakosi ng'ombe. Mtoto huyo ndiye anayemtaka.