Ndege Yangu, Roho ya Nani?

Mwenye ndege ndogo anayeruka huku akijua kuwa kifaa fulani cha usalama ni kibovu hujitetea kwa hoja yenye nguvu: ndege ni yake, roho ni yake, na mtu mzima hazuiwi kuhatarisha kilicho chake. Hoja hii isipuuzwe, kwani uhuru ni pamoja na kukosea kwa gharama yako mwenyewe. Lakini inadhani kwamba kifaa humlinda aliyekinunua tu. Tarehe 29 Septemba 2006, juu ya msitu wa Amazon nchini Brazil, ndege binafsi aina ya Legacy iligongana na Boeing 737 ya shirika la Gol, zote zikiwa futi 37,000. Transponda ya Legacy, chombo kinachojibu rada na ndege nyingine, ilikuwa imenyamaza bila marubani wake kujua. Waongoza ndege nao walikosea. Boeing ilikuwa na mfumo wake wa kuonya mgongano, lakini mfumo huo haumwoni asiyejibu. Watu 154 waliokuwamo walikufa wote. Saba wa Legacy walitua salama. Nusu ya kinga ya abiria wale ilikuwa imefungwa katika ndege ya watu wasiowajua. Na wale marubani hawakujua. Anayejua na bado akaruka hana hata udhuru huo.

Mwenye ndege wa Morogoro, Tanzania, atasema anga la kwake halina msongamano. Ni kweli. Ila mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mlima Bondwa, wenye minara ya mawasiliano, unapita mita 2,000 hapo hapo juu yake, mara nyingi ukiwa ndani ya mawingu yaletwayo na upepo wa Bahari ya Hindi. Rubani mwenye altimita, kipimo cha kimo, isiyoaminika akipotelea humo, watakaopanda miteremko ya milima hiyo ya Uluguru kumtafuta ni watu ambao hakuwauliza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni zenyewe huruhusu kuruka na baadhi ya vifaa vikiwa vibovu. Naam, lakini orodha ya vifaa hivyo huandikwa mapema, na watu wasio na haraka ya safari, pamoja na masharti: usiruke usiku, usiingie mawinguni. Anayejiruhusu mwenyewe akiwa ameshashika usukani, na mkutano unamsubiri Dodoma, ni mshitakiwa anayejihukumu. Na mkulima wa Mzinga, hapo Morogoro, aliye shambani chini ya njia yake hakuitwa kwenye baraza hilo.