Jino Likiacha Kuuma

Wengi wetu tunaujua usiku wa jino. Linaanza kwa kushtuka ukinywa maji baridi, halafu chai ya moto, mwisho linapwita lenyewe, na ukilala ndiyo linazidi. Unabana karafuu, unameza dawa ya maumivu, unaomba kupambazuke. Zinapita siku kadhaa, kisha ghafla kimya. Jirani akikuuliza unamjibu kwa shukrani: limepoa.

Mara nyingi halijapoa. Chini ya lile gamba gumu jeupe kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wakipenya kupitia tundu, kiini kinavimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana linapwita vile. Hatimaye kiini kinakufa, na mshipa uliokufa hauumi. Bakteria wao wako hai. Wanakaa katika mifereji myembamba ya mizizi, wanatokea nchani, wanaingia kwenye mfupa wa taya, usaha unaanza kujikusanya. Wengine huota kipele kwenye ufizi, kinatumbuka, kinakauka, kinarudi. Antibiotiki zinaweza kupunguza uvimbe, lakini dawa husafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena.

Naomba hili lishikwe na kila nyumba: mtu mwenye jino bovu akivimba chini ya kidevu, akashindwa kumeza au kufungua kinywa, asingoje mkesha wa maombi uishe. Apelekwe hospitali usiku huohuo, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Tutamwombea akiwa njiani.

Wengi hung'oa, na sitamlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu kung'oa ni tiba kweli na gharama yake ni ndogo. Lakini jino likiwa bado lina nguvu, daktari anaweza kulisafisha mzizi likabaki mahali pake. Anapiga picha ya eksirei, anachoma sindano ya ganzi, anatoboa juu ya jino mpaka kwenye kiini. Kisha anachukua visindano vyembamba vyenye meno kama msasa, anaingia mfereji mmoja mmoja, akikwangua na kuosha kwa dawa ya kuua vijidudu. Gego la chini huwa na mizizi miwili, na mara nyingi mifereji mitatu. Akiuacha mmoja, uchafu utaendelea kutokea humo. Akiridhika, anajaza mifereji kwa utomvu mgumu wa miti ya Asia unaoitwa gutapecha, anaziba juu, na gego mara nyingi huvikwa kofia lisije likapasuka. Pengine mgonjwa huitwa zaidi ya mara moja. Wanaoogopa kiti kile wajue kwamba ganzi ikishika vizuri, kinachosikika zaidi ni mtikisiko na mkandamizo.

Nimeliwaza sana hili kwa ajili ya ndugu wawili wa baba mmoja katika usharika wetu. Waligombania mpaka wa shamba baada ya mazishi ya mzee wao. Zamani walitukanana hadharani. Siku hizi hawatukanani, na wazee wa kanisa wakaandika kwamba shauri limekwisha. Mmoja hukaa benchi la mbele, mwingine karibu na mlango. Watoto wao wanasoma shule moja na hawajui kwamba baba zao walinyonya titi moja. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi waliotangaza amani juu ya jeraha la watu ambalo hawakuligusa ila juujuu. Nasi tunaopenda ibada tulivu tuko karibu mno na kosa lile.

Kwa hiyo niliwaomba wale ndugu wakae, nao wakakubali. Jioni ya kwanza tulizungumzia mpaka wa shamba tu, hatua kwa hatua, mti kwa mti. Ya pili ndipo mdogo alipotamka kwamba hakuitwa wakati baba alipokuwa anakata roho, na kaka mtu akalia. Shamba lilikuwa mfereji mmoja tu. Kuna mengine, na bado hatujayafikia.

Daktari wa meno hatengenezi mfupa. Yeye huondoa uchafu na kuziba pasiingie mwingine. Kivuli cheusi kwenye picha, pale nchani mwa mzizi, hujazwa na mwili wenyewe kwa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, kwa nguvu aliyouwekea Muumba. Kwa sababu hiyo sijawataka wale ndugu wakumbatiane mbele ya madhabahu Jumapili hii. Tutakaa nao tena baada ya mavuno, na safari hii wake zao wamesema watakuja.