Samaki wa Wote, Mtumbwi wa Mmoja

Samaki akiwa bado majini ni wa nani? Muulize mvuvi wa mto Kuja, atakucheka. Ni wa atakayemtoa, basi. Katiba ya 2010 inasema vingine: kifungu cha 62 kinaweka mito na maziwa ndani ya ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inavishika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Majibu haya mawili yanakutana pale Gogo, ukifuata mto kutoka pande za Uriri kushuka kuelekea Nyatike, mahali ambapo Kuja umezuiwa kwa ukuta na kuwa bwawa.

Uvuvi wa pale ni mkongwe kuliko ukuta. Waakiolojia waliochimba karibu na maporomoko ya Gogo walikuta mabaki ya watu wa Kansyore, walioishi kwa kuvua na kuwinda maelfu ya miaka iliyopita. Ukuta ni wa juzi tu, miaka ya 1950, na ulijengwa ili maji yazungushe mitambo ya umeme wa mgodi wa Macalder. Mitambo hiyo, ya megawati 2 hivi, leo ni ya KenGen. Mvuvi hakuwa kwenye hesabu. Maji yalituama, yeye akasukuma mtumbwi wake.

Sasa mwambie mtu huyo kwamba wavu wake una matundu madogo mno. "Omera," atakujibu, "huo ukuta una matundu mangapi?"

Si jibu la kijinga. Chukua ningu, samaki wa ziwani ambaye mvua zikianza hupanda mito kwenda kutaga. Ukuta usioachiwa njia ya samaki humkatalia usiku na mchana, na hakuna askari anayeukamata. Aliyefunga mto mzima anamfundisha adabu aliyefunga pembe moja na uzi! Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa na mvuvi, tunabaki kusema sheria ni sheria.

Lakini hoja yake inafika nusu ya njia. Inaonyesha kwamba serikali haina uso wa kumhubiria. Haionyeshi kwamba anachofanya ni sawa. Haya ni mambo mawili, nasi huyachanganya kila siku: nani ana haki ya kunikemea, na kama nimekosa. Mlevi akikuambia uache pombe unaweza kumcheka, na bado ini lako linaoza.

Na rekodi ya Ziwa Victoria tunayo. Nyavu za kigeni zilipoingia mwaka 1905 zilikuwa na matundu ya inchi 5. Ngege walipopungua, watu hawakungoja wakue, walipunguza tundu. Ningu naye alitegewa kwenye midomo ya mito, jike limejaa mayai, ndipo uvuvi wake ulipoanguka. Aliyepoteza hapo hakuwa serikali. Alikuwa mvuvi mwenzake, yule aliye mbali kidogo mtoni, au yule ambaye bado ni mtoto. Kwa hiyo jirani ndiye mwenye haki ya kukemea, hata kama hana kofia wala stempu.

Ila jirani naye aangalie anamkemea nani. Tunapenda kusema maji ni ya wote, kana kwamba wote wanaingia majini sawasawa. Maji ni ya wote, mtumbwi ni wa mmoja. Mwenye mtumbwi anafika katikati, anatandaza wavu jioni, anaurudia alfajiri. Kijana asiye na kitu amekaa ukingoni na ndoano na kopo la nyungunyungu, na siku nzima huenda akapata kambare mmoja. Ukiwatoza wote ada moja, au ukawafungia bwawa wote kwa tarehe moja, utajisifu kwamba umetenda haki sawa. Mimi siioni hiyo haki. Ningeacha ndoano iwe huru mwaka mzima, bila ruhusa ya mtu, na mzigo wote wa masharti ningeuweka juu ya wavu: ukubwa wa tundu, idadi ya nyavu kwa kila mtumbwi, na miezi ya kutaga iachwe kabisa. Wenye mitumbwi watalalamika kwamba wanaonewa. Hawaonewi. Wanaambiwa walipie kile ambacho mtumbwi unawapa na ukingo haumpi mwenzao.

Kuna mama mmoja ningependa kumwacha nje ya sheria hii, yule anayekokota chandarua kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu jikoni hakuna kitu, na siwezi. Chandarua hubeba vifaranga wote. Anachodai mama huyo ni chakula, na anatudai sisi, wala si bwawa.

Halafu kuna wengine ambao hatuwataji kabisa katika mabishano haya. Mvua ikinyesha, Kuja hushuka mwekundu. Ule ni udongo wa mashamba, kuanzia vilima vya Kisii hadi kwenye miwa na tumbaku ya Migori, na unapofika kwenye maji yaliyotuama hutulia na kujaza bwawa, mahali pa samaki pakapungua mwaka hata mwaka. Mwenye shamba aliyelima hadi kwenye kingo za mto hajawahi kulowanisha miguu yake. Hana wavu, hana mtumbwi, na hakuna aliyewahi kumwomba leseni.