Chozi Kwenye Mlimau

Alianza na uzi mmoja wa buibui.

Niliuona asubuhi ukimeremeta kwenye ncha ya tawi la mlimau, lile linaloinamia dirisha la jikoni, nikapita zangu. Hapa Kiogoro mvua haitunyimi, na penye majani mengi buibui hawakosi. Kesho yake uzi ulikuwa umezungushwa mara kadhaa, na katikati yake umenaswa unyasi mkavu. Kisha nikamwona mwenyewe: ndege mdogo, mgongo wa rangi ya majani yaliyochakaa, kifua cha manjano hafifu chenye michirizi, mdomo mrefu uliopinda. Akaruka hadi chini ya upenu wa mabati, akauvuta utando kidogo kidogo kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenye nyumba, akarudi nao kwenye tawi.

Kwa Kiswahili anaitwa chozi. Ni neno lile lile la tone litokalo jichoni. Siku zile nilitembea nalo mdomoni, nikilitamka polepole bila kutaka kulifumbua.

Mama haoni vizuri tena. Huketi kwenye veranda juu ya kigoda chake, uso ameuelekeza kwenye mwanga, na mambo ya uani huyapokea kwa masikio. Nilipomwambia kuna chozi anajenga kwenye mlimau, alinyamaza kwanza akasikiliza.

"Ni yule mama anayejenga?"

"Ndiye, peke yake."

Maana dume tulikuwa naye pia, na huyo hajifichi. Hukaa juu kabisa ya omotembe iliyo kwenye ua, mti wenye maua mekundu yanayochanua kabla ya majani. Jua likimpiga, ile rangi yake ya shaba hugeuka kijani, kisha dhahabu, kisha akisogea kidogo tu anakuwa mweusi. Mkia wake una manyoya mawili marefu katikati. Wataalamu humwita Nectarinia kilimensis, jina linaloukumbuka Mlima Kilimanjaro. Aliimba, akawafukuza wengine, lakini unyasi hakubeba hata mmoja.

"Basi usimsogelee," Mama akasema. "Na mayai yake usiyahesabu."

Nikatii. Kwa hiyo sikuchungulia hata siku moja, na yaliyokuwa ndani sikuyajua. Nilibaki kutazama mlango.

Kiota cha chozi hakifanani na bakuli. Ni kifuko kirefu kinachoning'inia, mlango ubavuni, na juu ya mlango kuna kijipaa kidogo kilichotokeza ili matone yaanguke nje. Alikijenga kwa nyasi, mabaki ya majani na nyuzi za buibui, na kila alipoingia alijisukuma kwa kifua, huku na huku, hadi ukuta ukachukua umbo lake. Nyumba ile ilipimwa kwa mwili wake, mwili usiofika gramu ishirini. Siku moja alipita na uzi mwekundu mdomoni. Niliutambua: ulitoka kwenye leso ya Mama iliyokuwa imeanikwa. Nilipomwambia, alipapasa upindo wa leso hadi akapata mahali palipofumuka, akaacha kidole chake hapo kwa muda.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alimsalimu. *Bwakire*, humwambia kwa sauti ya chini, akiuelekea mlimau. Kumekucha.

Nimewahi kuona filamu za wale ndege wavumao wa Amerika, wadogo kuliko hata hawa, wanaonyonya maua huku wameelea hewani. Wengi huwachukulia chozi wetu kuwa ndio wale, lakini hawana undugu wa karibu. Bahari imewatenga, na bado pande zote mbili maua yaliita na midomo ikarefuka kuyafuata. Chozi anaweza kuelea kidogo, ila kwa kawaida hutua. Nimemtazama kwenye ua la mgomba, lile zambarau linaloning'inia chini ya mkungu: hushika kwanza, hutulia, ndipo anywe. Kama mgeni anayeketi kabla ya kupokea kikombe.

Alipokwisha kujenga akaingia, akakaa. Kwa siku nyingi hakukuwa na la kutazama ila ncha ya mdomo mlangoni.

Alasiri moja mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa, kama yalivyo mazoea yake, na mvua ikaja na mawe. Mvua ya mawe tunaijua Kisii. Mabati yalipiga kelele hata Mama nami hatukuweza kusikilizana. Niliona midomo yake ikienda, nikajua kwamba haniambii mimi. Ilipokata, majani ya migomba yalikuwa matambara, na maua ya mlimau yametapakaa chini pamoja na barafu. Tawi lilikuwa bado linapepesuka. Nilisimama dirishani muda mrefu. Kisha ncha ya mdomo ikatokeza chini ya kile kijipaa, kavu.

"Yupo?"

"Yupo."

Ni Mama aliyejua kwanza kwamba kuna uhai mpya. Alisikia sauti nyembamba kama ukucha ukikwaruza sufuria, mimi nikiwa nimesimama karibu zaidi bila kusikia chochote. Dume naye akashuka sasa, wakapokezana. Hawakuleta utamu wa maua tu, kwa kuwa mtoto hakui kwa sukari. Walileta wadudu laini, na buibui. Ukoo ule ule uliotoa nyuzi za nyumba sasa ulikuwa unatoa mwili. Niliwaza jambo hilo jikoni, maji yakichemka na kupungua, na sikupata neno la kumwambia Mama. Nikamwambia tu kwamba wanalisha.

Sabato iliyofuata nilimwacha kwenye kigoda chake nikaenda kanisani. Siku hiyo mashamba hunyamaza. Husikii jembe wala panga, na nyimbo husafiri mbali kutoka kilima hadi kilima. Niliporudi, mlango wa kiota ulikuwa umepanuka na kulegea upande mmoja. Nilitazama, nikangoja. Hapakuwa na mdomo.

"Wametoka," Mama akasema kabla sijamfikia. Mkono wake ulinyooka kuelekea migomba. "Sauti imehamia kule."

Nilitaka kumwuliza aliwasikia wangapi. Nikaacha.

Kesho yake, umande ukiwa bado haujakauka, nilikibeba kigoda hadi mwisho wa veranda, karibu na migomba, nikamshika mkono akaketi. Niliporudi jikoni kuwasha moto nilimsikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

*Bwakire.*