Mpe Mama Chaki Kabla ya Plasta

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilimchukua mama nikampeleka Kibamba akaione nyumba tunayojenga. Ilikuwa imeshaezekwa lakini haijapigwa plasta, matofali yote yako wazi. Fundi umeme alikuwepo na futi na chaki, tayari kupiga alama za swichi na soketi ili Jumatatu vijana wake waanze kutindua ukuta na kulaza paipu. Nikamwomba asubiri kidogo.

"Mama," nikasema, "hiki ndicho chumba chako, na kitanda kitakaa hapa. Fanya kama umeamka usiku, unatafuta taa."

Mama akasimama, akafumba macho, akanyoosha mkono. Kiganja kikatua kwenye tofali chini kabisa ya pale fundi alipokuwa amepanga. Fundi akasogea, akachora msalaba palepale kilipotua kiganja.

Sikufanya hivyo bure. Miaka minne iliyopita, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga, mama aliamka usiku kwenda msalani. Swichi ya korido ilikuwa nyuma ya mlango, upande wa pili. Akapapasa ukuta gizani, akajikwaa, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Usiku ule umeme ulikuwepo na taa ilikuwa nzima. Aliyejenga nyumba ile hakuwahi kujiuliza kama iko siku atapita hapo mtu mzima ambaye macho yamechoka na miguu haina haraka.

Binti yangu, anayesomea kompyuta, ndiye aliyetuletea habari ya nyumba janja. Alitaka taa ya korido iwake yenyewe ikihisi mtu anapita, pampu izime yenyewe simtanki likijaa, hita ya maji iwake alfajiri kwa saa iliyopangwa na kuzimika, ili yuniti za LUKU zisiishe kwa maji ambayo hakuna anayeyaoga. Nilimsikiliza nikaona kila alichotaja kina mtu nyuma yake. Taa ya korido ni ya bibi yake. Pampu ni ya mama yake, ambaye kwa miaka amekuwa akikatiza usingizi kwenda kuizima.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mambo hayo yote huamuliwa mapema, ukuta ukiwa bado wazi. Kwa mazoea ya mafundi wetu, waya wa moto hushuka mpaka kwenye swichi ukarudi kwenye taa, na waya wa nyutro hubaki huko huko juu ya dari. Swichi ya kawaida haina shida na nyutro. Swichi janja nyingi zinaihitaji, kwa sababu ndani yake mna redio ndogo ambayo lazima iwe macho hata taa ikiwa imezimwa. Kuishusha nyutro leo ni suala la mita chache za waya wa milimita za mraba 1.5. Ukija kuishusha baada ya plasta na rangi, utabomoa.

Basi tukakaa na fundi juu ya matofali, karatasi mapajani. Boksi za swichi zikawa za kina cha milimita 47 badala ya 35, ili kifaa kipate pa kukaa. Soketi zikapewa waya wa 2.5, hita waya wake mnene na breka yake peke yake. Kila chumba kikapata waya wa mtandao. Paipu tupu tatu, kila moja na kamba ndani ya kuvutia waya baadaye, zikaelekezwa getini, kwenye simtanki na kwenye paa, kwa siku tutakayoweza kununua sola. Nikasisitiza waya wa ardhi uwe wa kweli, pamoja na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwa miliampea 30, kwa sababu kifaa hicho ndicho kinachomlinda mtoto aliyeshika jiko la umeme kwa mkono wenye maji. Tulimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na siijutii hata shilingi moja niliyomlipa.

Sharti langu lilikuwa moja: kila kinachojiendesha chenyewe kiweze kuendeshwa kwa mkono. Intaneti hupotea. Simu huisha chaji. Na makampuni hufunga huduma zake. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya Revolv, kifaa cha kuongozea nyumba kilichokuwa kikiuzwa takriban dola 300 za Marekani, na walioamini kwamba wamekinunua wakabaki na kiboksi kisichofanya kazi. Mgeni atakayelala kwangu usiku mmoja asihitaji kufundishwa namna ya kuwasha taa. Mama yangu asihitaji simu ili aone njia.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunaijua methali hii, lakini tukifika dukani tunaisahau. Geti tunalitafuta la fahari, marumaru tunachagua kwa siku tatu, jipsamu ya sebuleni tunaipiga picha. Zamu ya waya ikifika, tunauliza kama hakuna wa bei ya chini. Marumaru yataonwa na wageni, waya hautaonwa na yeyote. Ndiyo maana nauhesabu kuwa amana. Anayekubali waya mwembamba pasipoonekana amehatarisha usingizi wa watu wanaomwamini, na wao hawana njia ya kujua.

Kabla plasta haijapigwa, binti yangu alipiga picha kila ukuta, futi ikiwa imesimamishwa pembeni ili vipimo vionekane. Tumezichapa na kuziweka faili moja na hati ya kiwanja. Nyumba huishi kuliko aliyeijenga. Iko siku mjukuu nisiyemjua atataka kutoboa ukuta kutundika picha, na atahitaji kujua waya umepita wapi. Namwachia jibu.

Nawe unayejenga, kabla hujamwita fundi wa plasta, tenga siku moja tu. Mchukue yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani mwako, awe mzee, mtoto au mgonjwa. Mtembeze chumba kwa chumba, mwambie afumbe macho na atafute taa. Pale mkono wake utakapotua, weka alama. Ukuta ukishafungwa, hatakuwa na namna ya kukuambia ila kwa kuanguka.