Je, Kompyuta Iliyobadilishwa Prosesa Ni Ileile?

Swali la kitu kubaki kilekile ilhali sehemu zake zinabadilishwa ni la kale. Plutarch aliandika juu ya merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika kama bado ni ileile. Naye Thomas Hobbes, katika De Corpore ya mwaka 1655, akalizidisha uzito kwa kumfikiria mtu anayezikusanya mbao kuukuu na kuziunga upya kwa mpangilio wa mwanzo. SPARCstation 20, kompyuta ya kazi nzito iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1994, inalileta swali hilo kwa namna mpya, kwa kuwa chombo hiki hujikagua chenyewe.

Ubao mama wake una nafasi mbili za kuchomekea moduli, yaani kadi ndogo zinazobeba prosesa, kiungo kinachotekeleza amri za programu, hivyo mwenye nayo aweza kung'oa moduli ya zamani na kuweka yenye nguvu zaidi. Moduli za SM50 na SM51 zote huenda kwa megahezi 50, lakini SM51 ina kache ya nje ya megabaiti 1, na SM50 haina. Kache ni kumbukumbu ndogo yenye kasi, inayokaa karibu na prosesa na kushika nakala za data zinazohitajika mara kwa mara, ili prosesa isikae ikiingoja kumbukumbu kuu. Ndiyo maana fundi makini hatosheki na kusoma megahezi, bali huikagua kache pia. Hata hivyo umeme ukizimwa kache haibaki na chochote. Wanazuoni hutenganisha dhati, yaani nafsi ya kitu, na sifa zinazoambatana nayo, na kwa kipimo hicho kache, pamoja na manufaa yake yote, ni sifa.

Dhati basi iko wapi? Watengenezaji waliiwekea mashine chipu yenye betri ndani, inayohifadhi namba ya utambulisho ambayo leseni za programu nyingi zilifungwa nayo, na fundi aliyebadilisha ubao mama aliihamisha chipu hiyo ili mashine ihesabiwe kuwa ileile. Jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu betri hufa, namba hupotea, na mwenye kompyuta huiandika upya katika chipu nyingine, au hata katika mashine mbili akitaka. Na kinachoweza kuwa katika viwili hakiwezi kuwa dhati ya kimoja.

John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, alikaribia ukweli zaidi aliposema kwamba mti hubaki uleule kwa kuwa chembe mpya hushirikishwa uhai mmoja. Mashine haina uhai, lakini kila inapowashwa, programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao mama huzitafuta moduli zilizopo, hutambua kache zake, kisha huziingiza kazini. Moduli mpya inakuwa sehemu ya kompyuta kwa kupokewa hivyo, na ile iliyong'olewa, japo nzima, haina tena fungu humo. Kwa hoja hii, ubao mama ukiondolewa pamoja na programu hiyo kwa mkupuo mmoja, hakuna kilichosalia cha kuzipokea sehemu mpya, na leseni inayoifuata namba iliyohamishwa inaifuata mashine nyingine.